Mashine ya gemu itozwe ushuru kama kompyuta

Mhariri,

Mteja akiuliza madukani kwa nini mashine ya gemu imepanda bei, mara nyingi hujibiwa kwa maneno matatu: ushuru wa Trump. Jibu hilo lina ukweli, ila ni ukweli mdogo kuliko unavyovumishwa, na umekuwa kivuli kinachoficha ushuru mwingine ulio karibu nasi zaidi. Naomba nafasi katika ukurasa wako nieleze jinsi ushuru unavyoingia katika bei ya vifaa vya gemu, wapi Marekani inatugusa na wapi haitugusi. Ombi langu kwa Hazina ya Taifa ya Kenya na mawaziri wa fedha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki nalitaja mapema: ondoeni ushuru wa 25% kwa mashine za gemu, kwa sababu kompyuta inayofanya kazi ileile, yenye chipu za aina ileile, inaingia kwa 0%.

Kwanza ieleweke nani hulipa. Ushuru wa forodha hulipwa na mwagizaji, katika nchi ambayo mzigo unaingia. Mashine iliyotengenezwa Shenzhen ikishuka Los Angeles, anayetoa fedha ni kampuni iliyoiagiza huko Marekani. Kiwango hupigwa kwa thamani ya kuingilia, yaani bei ya ankara, wala si bei ya dukani. Marekani haijumlishi nauli ya meli katika thamani hiyo. Sisi huijumlisha kwa mzigo wa baharini, na tofauti hiyo nitairudia. Kadi ya grafiki, yaani sehemu ya kompyuta inayochora picha za skrini, ikiingia kwa dola 400 chini ya ushuru wa 25% inadaiwa dola 100 kabla haijauzwa hata senti moja. Baada ya hapo kiwanda, msambazaji na duka huvutana kuhusu nani ameze kiasi gani. Faida ya anayeuza kadi za grafiki ni nyembamba, kwa hiyo sehemu kubwa humfikia mnunuzi.

Haya hayakuanza 2025. Septemba 24, 2018 Marekani ilianza kutoza 10% kwa bidhaa za China zenye thamani ya dola bilioni 200, na Mei 2019 ikapandisha kiwango hadi 25%. Orodha hiyo ilibeba kadi za grafiki, bodi mama, makasha ya kompyuta na pawasaplai. Kadi na bodi zikapewa msamaha wa muda. Msamaha ulipokwisha Desemba 31, 2020, haikuchukua hata wiki mbili kabla ya kampuni ya ASUS kutangaza kwamba bei zake Marekani zitapanda. Wakati huo soko lilikuwa limekauka tayari, kwa uhaba wa chipu na kwa wachimbaji wa sarafu za kidijitali waliokuwa wakizoa kila kadi iliyoonekana. Ushuru ulimkuta mnunuzi amekwisha kuumia.

Mashine za gemu zilikuwa katika awamu iliyopangwa kuanza Desemba 15, 2019. Juni ya mwaka huo Microsoft, Nintendo na Sony, mahasimu watatu wasiokubaliana kwa mengi, ziliandika barua moja kwa Ofisi ya Mwakilishi wa Biashara wa Marekani. Zilieleza kwamba 96% ya mashine za gemu zilizoingia Marekani mwaka 2018 zilitoka China, na kwamba kuuhamisha mnyororo mzima wa utengenezaji si kazi ya miezi michache. Awamu ile ikasitishwa kabla ya kuanza. Nintendo haikungoja uamuzi. Mwaka huohuo ilihamishia Vietnam sehemu ya utengenezaji wa mashine yake ya Switch.

Ndiyo maana Aprili 2, 2025 ilikuwa siku nzito kwa tasnia hii. Vietnam, kimbilio la wengi, ilitajiwa 46%. Thailand ikatajiwa 36%, Taiwan 32%, Japani na Malaysia 24% kila moja. Siku hiyohiyo Nintendo ilikuwa imetangaza Switch 2 kwa dola 449.99, siku mbili baadaye ikasimamisha uagizaji wa mapema wa Marekani uliokuwa uanze Aprili 9. Viwango vya nchi nyingine vikaahirishwa kwa siku 90 na kubakizwa 10%, lakini China ikapandishwa hadi 145%. Kwa kiwango hicho, mashine iliyoingia kwa dola 400 ingedaiwa dola 580 za ushuru, zaidi ya thamani yake yenyewe. Katikati ya Mei kiwango cha China kilishushwa hadi 30%, na Agosti Vietnam ikawekwa kwenye 20%.

Naomba msomaji atulie kidogo kwenye tarehe moja, Aprili 11, 2025. Jioni hiyo serikali ya Marekani ilitoa orodha ya vifaa vilivyoondolewa kwenye ushuru ule mpya wa nchi kwa nchi. Orodha yenyewe ilikuwa ya namba za kitabu cha ushuru tu: 8471, ambazo ni kompyuta pamoja na kibodi na vipanya, 8473.30, ambazo ni sehemu za kompyuta, zikiwemo kadi za grafiki, 8528.52, skrini za kompyuta; 8523.51, diski za SSD. Simu janja, na chipu zenyewe. Vifaa vya China vilibaki na 20% ya amri za awali, na vingine bado vilikuwa na 25% ya mwaka 2019, lakini angalau dhoruba ya 125%, sehemu kubwa ya ile 145%, ilivipita. Namba 9504.50 haikuwemo. Hiyo ndiyo namba ya mashine za gemu, nayo iko katika sura ya 95 ya kitabu cha ushuru, sura ya vinyago, michezo na vifaa vya spoti. Pawasaplai, feni za kupozea, hedifoni na viti vya wachezaji navyo viliachwa nje. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akiunga kompyuta ya gemu alisamehewa prosesa na kadi, akatozwa kamili feni na pawasaplai vinavyoingia katika kasha lilelile. Na aliyetaka PlayStation hakusamehewa chochote.

Matokeo yalionekana kwenye bei. Xbox Series X ilipanda Marekani kutoka dola 499.99 hadi 599.99 Mei 2025, kisha hadi 649.99 Oktoba. Series S ilitoka dola 299.99 hadi 379.99, halafu 399.99. Nintendo ilibakiza Switch 2 kwenye dola 449.99 lakini ikapandisha bei ya pedi (vidhibiti vya mkononi vya kuchezea) na vifaa vingine, na Agosti ikapandisha hata Switch ya zamani iliyotoka mwaka 2017. Mwezi huohuo Sony iliongeza dola 50 kwa kila aina ya PlayStation 5 (PS5) nchini Marekani. Kwa kawaida mashine ya gemu hushuka bei kadiri inavyozeeka, kwa sababu chipu zake huwa rahisi zaidi kutengeneza. Kuona mashine za mwaka 2020 zikiwa ghali zaidi katika mwaka wao wa 5 kuliko siku zilipozinduliwa ni jambo geni kabisa katika biashara hii.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana dukani, nayo ndiyo iliyozibana kampuni ndogo zinazotengeneza makasha, mifumo ya kupozea na pedi. Mwagizaji wa Marekani huweka dhamana forodhani, na kwa kawaida dhamana ya mwaka ni 10% ya ushuru na ada alizolipa katika miezi 12 iliyopita, isipungue dola 50,000. Ushuru ukiruka ghafla, dhamana ya jana haitoshi leo. Forodha hudai iongezwe, na mizigo husimama hadi iongezwe. Wakati huohuo ushuru wenyewe hulipwa taslimu miezi kadhaa kabla kasha la mwisho halijauzwa. Framework, kampuni inayotengeneza laptopu za kurekebishika, ilisimamisha kwa muda uuzaji wa baadhi ya laptopu zake za bei ya chini Marekani Aprili 2025, kwa kuwa kwa bei iliyotangazwa ingeziuza kwa hasara.

Wapo wanaosema basi viwanda vihamishwe. Kiwanda cha kuunganisha hakihami na mazingira yake. Kalibu za chuma za kumiminia plastiki ya kasha au pedi hutengenezwa kwa wiki nyingi na hujaribiwa tena na tena. Skurubu, nyaya, feni, maboksi na betri hutoka katika karakana zilizo mwendo wa saa chache kutoka Shenzhen na Dongguan. Nchi ya asili nayo haiamuliwi na kibandiko: forodha huangalia ni wapi kifaa kilibadilika kuwa kitu kipya. Chipu ya kadi ya grafiki inaweza kuwa imetengenezwa Taiwan, lakini ikipachikwa kwenye bodi na kufungiwa feni Dongguan, kadi hiyo huhesabiwa kuwa ya China. Na aliyehamia Vietnam kukwepa 25% akajikuta ametajiwa 46%.

Sasa turudi kwetu. Ushuru wa Marekani hautozwi kwa kontena linalotoka China hadi bandari ya Kilindini, wala kwa mzigo unaopitia ukanda huru wa Jebel Ali kuja Mombasa au Dar es Salaam. Muuzaji anayenunua kwa njia hizo na kumwambia mteja wake kwamba Washington imemwongezea gharama forodhani anasema jambo lisilokuwepo kwenye karatasi zake. Mwombe akuonyeshe ankara na hati ya forodha. Mstari huo hautauona.

Marekani hutufikia kwa mlango wa kwanza, ambao ni ununuzi wa moja kwa moja kutoka kwao: ndugu aliye Houston anaponunua dukani na kutuma, au mtu anapoagiza mtandaoni kupitia wasafirishaji wanaotoa anwani za Marekani. Bei ya duka la huko imekwisha kubeba ushuru wao, na juu yake tunaweka wetu. Chukua lile ongezeko la dola 150 la Xbox Series X. Likiingia Kenya kama sehemu ya thamani ya forodha, linazaa ushuru wa dola 37.50, ada ya tamko la uagizaji dola 3.75, tozo ya reli dola 3, na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) dola 30. Dola 150 zimekuwa 224.25, na hapo muuzaji hajaongeza faida yake. Sheria ya Marekani ina utaratibu wa kumrejeshea mwagizaji hadi 99% ya ushuru wa bidhaa aliyoisafirisha nje bila kutumika, lakini unadai nyaraka za kuingiza na za kutoa, na baadhi ya ushuru wa 2025 uliwekwa kwa masharti kwamba hautarejeshwa kabisa. Aliyenunua moja dukani hana njia ya kuudai. Ushauri wangu ni mwepesi: vifaa vya gemu visinunuliwe Marekani kuletwa huku, labda kwa kitu kisichopatikana kwingine.

Mlango wa pili ni bei za dunia. Mei 2025 Microsoft haikupandisha Xbox Marekani peke yake. Ulaya na Australia nazo zilipandishiwa. Sony ilikuwa imepandisha PS5 Ulaya, Uingereza, Australia na New Zealand mwezi uliotangulia. Mei hiyohiyo Sony ilikadiria kwamba ushuru ungeigharimu yen bilioni 100 katika mwaka wa fedha, kabla ya kushusha makadirio hayo hadi bilioni 70 mwezi Agosti. Kampuni iliyopata pigo la namna hiyo haiandiki kwenye boksi ni senti ngapi za ushuru imemhamishia mnunuzi wa nchi ipi. Thamani ya sarafu na mfumuko wa bei navyo vimo humo. Kwa hiyo sehemu ya ongezeko hilo huenda ikatufikia, lakini hakuna muuzaji wa reja reja anayeweza kuitenga na kuitaja kwa uhakika.

Ushuru tunaoweza kuuona, kuuhesabu na kuuondoa ni wetu wenyewe. Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza 2005 ukiwa na madaraja matatu: 0%, 10% na 25%. Daraja la nne la 35% liliongezwa Julai 1, 2022. Kompyuta za namba 8471 na sehemu zake za 8473.30 ziko kwenye 0%. Mashine za gemu za 9504.50 ziko kwenye 25%. Juu ya hapo, Kenya hutoza ada ya tamko la uagizaji ya 2.5% na Tozo ya Maendeleo ya Reli ya 2%, zote kwa thamani ya forodha, kisha VAT ya 16% kwa thamani ya forodha pamoja na ushuru.

Weka namba. Mashine ya gemu yenye thamani ya forodha ya dola 500: ushuru 125, ada ya tamko 12.50, reli 10, VAT 100. Jumla dola 247.50, karibu nusu ya thamani ya mashine. Kadi ya grafiki ya dola 500: ushuru 0, ada 12.50, reli 10, VAT 80. Jumla dola 102.50. Tofauti ni dola 145 kwa kifaa kimoja. Si dola 125 pekee, kwa sababu VAT hutozwa hata juu ya ushuru. Tanzania na Uganda, ambako VAT ni 18%, mteremko huo ni mkali zaidi: ile 25% inakuwa 29.5% ikishapandiwa na VAT, kabla ya tozo nyingine za kila nchi.

Nini kinahalalisha tofauti hiyo? Daraja la 25% liliwekwa kwa bidhaa zilizokamilika, ili viwanda vya ndani vipate nafasi ya kushindana. Viatu, samani, sabuni: hapo hoja ipo. Lakini hakuna kiwanda cha mashine za gemu Thika, Mombasa, Dar es Salaam, Jinja wala Kigali. Ushuru huu haumlindi fundi yeyote. Na ukifungua kifaa chenyewe, PS5 ina prosesa ya AMD yenye viini 8 vya Zen 2, gigabaiti 16 za kumbukumbu ya GDDR6 na diski ya SSD. Familia hiyohiyo ya viini iko katika kompyuta za mezani zinazoingia kwa 0%. Maelezo rasmi ya mfumo wa dunia wa namba za forodha yenyewe yanakiri kwamba mashine hizi zinaweza kutimiza masharti yote ya kuitwa kompyuta, na zikabaki 9504.50 kwa sababu kazi yake kuu ni burudani. Ni sababu ya kuipanga bidhaa kwenye sura yake. Kiwango cha ushuru ni uamuzi wa kila jumuiya, na sisi ndio tulioamua 25%.

Linanisikitisha zaidi jambo hili nikikumbuka Desemba 2015. Mkutano wa mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani ulifanyika Nairobi, na hapo ndipo nchi zaidi ya 50 zilipokamilisha upanuzi wa Mkataba wa Teknolojia ya Habari: bidhaa 201 zilizokubaliwa kuondolewa ushuru hatua kwa hatua. Mashine za gemu zimo. Kutoka Afrika, Mauritius ilijiunga. Kenya iliyotandika meza haikujiunga, wala mwanachama mwingine wa Jumuiya. Sisemi tuusaini mkataba wote kesho. Una bidhaa 201 na kila moja inahitaji kupimwa. Nasema mstari huu mmoja hauhitaji mkataba.

Kwa waagizaji wadogo, wenye mabanda ya gemu na vijana wanaounga kompyuta, yapo mambo ya kuzingatia wakati tukisubiri, maana hasara nyingi hutokea kabla mzigo haujafika.

Dai ankara inayotenganisha kila kitu kwenye mstari wake, na bei yake na idadi yake. Kompyuta, hedifoni, kiti na pedi vikiandikwa kwa jumla moja kama "vifaa vya gemu", unampa afisa sababu ya kukipeleka chote kwenye 9504.50. Samani nyingi zilizokamilika ziko kwenye daraja la 35%, kwa hiyo kiti kikifichwa kwenye mstari wa kompyuta ni kosa, na kompyuta ikifichwa kwenye mstari wa kiti ni hasara. Boksi la kiwandani lenye mashine, pedi na gemu moja huhesabiwa kama kitu kimoja, mashine ya gemu; hapo hakuna cha kutenganisha.

Pedi ndiyo yenye mabishano mengi. Pedi ya PlayStation au Xbox huchukuliwa kama kifaa cha 9504.50, 25%. Kibodi na kipanya, hata vya kuchezea gemu, ni 8471.60 na 0%. Pedi ya USB iliyoundwa kwa kompyuta inaweza kubishaniwa upande wowote, sawa na vile vifaa vya mkononi vinavyoendesha mfumo kamili wa kompyuta, kama Steam Deck. Ukiwa na shehena ya namna hiyo usikisie. Omba Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) uamuzi wa mapema wa uainishaji, kwa maandishi, ukiambatanisha maelezo ya kiufundi ya kiwanda. Kwa mwenye banda hili si jambo dogo, kwa kuwa mashine inaweza kudumu miaka lakini vijiti vya pedi huchakaa na kuanza kuvuta upande mmoja, na pedi hununuliwa upya mara kwa mara.

Uamuzi wa meli au ndege nao una hesabu yake. Kwa mzigo wa baharini, nauli na bima huingia katika thamani ya forodha. Kwa mzigo wa ndege, Jedwali la Nne la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya, ya mwaka 2004, linasema nauli ya ndege haijumlishwi. Wakala asiyeijua hoja hiyo anaweza kukulipisha ushuru wa 25% juu ya nauli usiyopaswa kuitozea. Jedwali hilohilo linakataza kukadiria thamani kwa bei ya soko la ndani la nchi inayouza. Thamani inaanzia kwenye bei uliyolipa kweli. Kwa hiyo shehena iliyotoka Shenzhen haiwezi kupimwa kwa bei ya rafu ya Guangzhou. Weka uthibitisho wa malipo ya benki pamoja na ankara, kwani ankara peke yake ndiyo hutiliwa shaka kwanza.

Anayenunua Dubai aombe ankara ya kusafirisha nje. Bei ya rafuni Deira ina VAT ya Imarati ya 5%, na bidhaa inayotoka nchini kwa nyaraka sahihi hutozwa 0%. Wengi huiacha 5% hiyo huko, halafu wanakuja kuilipia ushuru huku.

Wanaosafirisha kwa mizigo ya pamoja, wakilipa kwa kilo au kwa ujazo, wajue wanachokosa. Bei hiyo moja imechanganya nauli, ushuru na faida ya msafirishaji, na tamko la forodha halina jina lako. Kadi ya grafiki ya 0% na mashine ya 25% zinaweza kulipiwa sawa kwa kilo, na huna karatasi ya kuudai ushuru uliotozwa kimakosa. Mwenye tamko kwa jina lake anaweza, ndani ya siku 30 za uamuzi asioridhika nao, kumwandikia Kamishna kuomba upitiwe upya. Kamishna naye ana siku 30 kujibu, na asipojibu ombi huhesabiwa limekubaliwa. Jibu likiwa baya, kuna siku 45 za kukata rufaa kwenye baraza la rufaa za kodi.

Na asijaribu mtu kuandika PS5 kuwa kompyuta. Sheria inatoa kifungo cha hadi miaka 3 au faini ya hadi dola 10,000 kwa tamko la uongo, na ushuru uliopunjwa unaweza kudaiwa hadi miaka 5 baadaye. Namba mbaya hupingwa hadharani kwa wenye mamlaka ya kuibadilisha.

Tutenganishe pia sababu nyingine za bei. Kupanda kwa RAM na SSD kuelekea mwisho wa 2025 kulitokana hasa na vituo vya data vya akili bandia vilivyonunua uwezo wa viwanda vya kumbukumbu. Desemba mwaka huo Micron, kampuni inayotengeneza kumbukumbu hizo, ilitangaza kuachana na chapa yake ya Crucial inayouzwa kwa wateja wa kawaida. Huo si ushuru. Upande wa pili, shilingi ya Kenya ilikuwa karibu 160 kwa dola Januari 2024, na tangu katikati ya mwaka huo ikatulia karibu 129. Mashine ya dola 500 ilipungua takriban shilingi 15,500 kwa mabadiliko hayo pekee, kabla ya kuhesabu kodi zinazopigwa juu yake. Mnunuzi ana haki ya kumuuliza muuzaji punguzo hilo lilikwenda wapi.

Najua hoja zitakazotolewa Hazina. Watasema mapato. Lakini mashine ya dola 500 ikiingia kwa 0% bado itailipa serikali dola 102.50 kwa VAT, ada ya tamko na tozo ya reli. Tofauti ya dola 145 ndiyo inayofanya njia za panya ziwe na faida, na mashine inayopita huko hailipi hata hizo 102.50. Watasema ni anasa. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: kwa anayenunua mashine moja kwa ajili ya sebule yake 25% ni usumbufu, lakini kwa kijana anayefungua banda la mashine nne Kisauni au Kayole, tofauti hiyo ni dola 580, karibu bei ya mashine ya tano. Simu janja na kompyuta huchezewa gemu pia, na hakuna aliyesema zihamishiwe sura ya vinyago.

Utaratibu wa kubadilisha upo na hutumika kila mwaka. Mawaziri wa fedha wa nchi wanachama hukutana kabla ya bajeti, makubaliano yao huchapishwa katika Gazeti rasmi la Jumuiya, na viwango vipya huanza Julai 1. Njia bora ni namba 9504.50 kushushwa hadi 0% kwa nchi zote, ili bidhaa isivushwe kimagendo kutoka Namanga au Busia kwa kufuata bei. Nchi zisipokubaliana, Kenya inaweza kuomba kutotumia kiwango cha pamoja kwa mwaka mmoja na kutoza 0% yake, kama inavyofanyika kwa bidhaa nyingine nyingi. Na kama hofu ni mashine za kamari, hizo zinazoendeshwa kwa sarafu ziko kwenye namba nyingine kabisa, 9504.30, ambayo inaweza kuachwa ilipo bila kuguswa.

Msomaji wako,
Mombasa